Ufunguo wa Mama Conseillère

Ukitaka kumjua Agnès Nabintu, anza na ufunguo. Aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi ya kiatu, pamoja na rozari, na waliomfahamu vizuri hawakuwa na hakika ni kipi kati ya viwili hivyo alichokiamini zaidi. Ulikuwa ufunguo wa ukumbi wa kanisa huko Turffontein, mtaa wa pili kutoka kiwanja cha mbio za farasi, ambako Umoja wa Watu wa Ziwa ulikutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wanachama walikuwa Wakongo wa Kivu na Warundi wachache: mafundi cherehani, wasusi, walinzi wa majengo, wauza vitenge na sambaza, dagaa wa ziwa. Agnès alikuwa mwenyekiti wao kwa miaka kumi na tisa. Saa nane kamili mchana alinyanyuka, akafunga mlango kwa ndani, akarudi kuketi. Aliyekuwa nje alibaki nje.

Aliwahi kumfungia nje mchungaji mwenye ukumbi. Aliwahi kumfungia nje mtunza hazina, na mkutano ukajadili hazina bila yeye. Mwaka 2010, wakati Johannesburg nzima ilikuwa inapuliza tarumbeta za plastiki za Kombe la Dunia, alimfungia nje mume wake mwenyewe. Évariste alikuwa anatoka zamu ya ulinzi kwenye jengo moja la ofisi huko Marshalltown, akafika saa nane na dakika nne, katika baridi ya mwezi wa sita. Aligonga mara mbili, kwa adabu. Kisha akaketi kwenye ngazi na sare yake mpaka saa kumi na moja. Wanachama walisimulia kisa hicho kwa miaka mingi kama ushahidi kwamba Mama Conseillère hapendelei mtu, na hakuna aliyejiuliza kama kulikuwa na sababu nyingine.

Jina la Conseillère lilitoka Bukavu. Alizaliwa Kadutu mwaka 1949, binti wa mpiga kengele wa kiwanda, mtu ambaye mji wa chini wote uliamka, ukala na kulala kwa mkono wake. Agnès alikua akiamini kwamba jua nalo linasubiri baba yake apige kengele. Alisomea ualimu, akafundisha hesabu, akaolewa na Évariste aliyefundisha jiografia, na alipofika miaka thelathini na mitatu akaingia katika baraza la mtaa kama diwani, conseillère kwa Kifaransa.

Kazi yake ya siasa ilikuwa ya kuzuia. Wengine waliingia barazani wajenge, yeye aliingia kuhakikisha kwamba kilichojengwa hakibomolewi na kilichozoeleka hakichezewi. Alipinga soko kuhamishwa. Alipinga ukumbi wa baraza kupakwa rangi ya samawati, akashinda, na ukabaki bila rangi yoyote. Alipinga vikao kuanza na soda, kwa hoja kwamba mtu mwenye chupa mkononi hawezi kunyoosha kidole. Madiwani wanaume walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili walianza kufika mapema, kwa sababu aliyechelewa alikuta Agnès keshapitisha kura ya kumnyima nafasi ya kusema.

Vyama vingi viliporuhusiwa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wahafidhina wa Kivu, chama kidogo chenye bendera, muhuri na wanachama mia moja na kumi. Kauli mbiu yake ilikuwa "Tusikimbie". Miaka mitano baadaye vita viliingia mjini na kila mwanachama alikimbia, lakini hilo halikuwa kosa la chama.

Mwaka 1991 chama kilihitaji mjumbe wa kwenda kwenye mkutano mkuu wa wahafidhina huko Kinshasa. Walijitokeza wawili: Agnès na muuza dawa mmoja aliyeitwa André, mwenye gari na sauti nzuri. Walichagua kwa mstari, jinsi wahafidhina walivyopenda. Wagombea walisimama katika uwanja wa parokia, na kila mwanachama akaenda kujipanga nyuma ya mtu wake, mchana kweupe. Agnès aliona mstari wake ukirefuka, akafurahi. Akaupitia uso kwa uso akimtafuta Évariste, amshukuru kwa macho. Hakumwona. Akautazama mstari wa pili. Évariste alikuwa wa saba nyuma ya André, amevaa shati ambalo Agnès alilipiga pasi asubuhi ile, na alikuwa anaangalia viatu vyake.

Agnès alishinda kwa watu wanne. Jioni walikula ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakaongelea paa lililokuwa linavuja. Évariste hakusema kitu, na Agnès hakuuliza. Akaenda Kinshasa, akangoja siku kumi na moja apewe zamu, akahutubia kwa dakika tisa juu ya wajumbe wanaochelewa. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu kwa sababu wengi walikuwa hawajafika. Hotuba hiyo ndiyo kilele cha siasa zake, na aliporudi nyumbani paa lilikuwa limezibwa.

Waliishi pamoja miaka ishirini na minne mingine. Walikimbia pamoja, yeye na Évariste na binti yao Chloé, wakapita Kigoma, wakapita Lusaka, wakafika Johannesburg mwaka 2001 na mabegi mawili na muhuri wa chama. Évariste alimbeba Chloé mgongoni sehemu kubwa ya safari ya kwanza. Alikuwa mume mwema, hilo liandikwe. Alifariki mwaka 2015, na mpaka anazikwa hakusema kwa nini alisimama kwa André, wala Agnès hakuuliza. Aliumia, jamani. Aliumia kila siku, kwa utaratibu, jinsi alivyofanya mambo yake yote.

Sasa mtaelewa kanuni ya ukuta. Umoja ulipoanzishwa mwaka 2006, Agnès ndiye aliyeandika katiba, na kifungu cha tisa kilisema hivi: kura ni za mstari, lakini wagombea wataupa mkutano kisogo na kutazama ukuta mpaka hesabu itangazwe. Watu waliona hekima kubwa. Walisema Mama anawalinda wanyonge wasione haya. Mama alikuwa anajilinda mwenyewe. Kifungu cha kumi kilisema kura zikilingana, aliyepo anabaki. Cha kumi na moja kilikuwa cha mlango.

Kwa miaka mingi hakuna aliyempinga, hata kanuni ya ukuta ikawa ya mapambo. Kisha akaja Thierry.

Thierry alikuwa msimamizi wa zamu katika kampuni moja ya ulinzi, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole kupita kiasi. Alikuwa anampinga Agnès huku amemshikia kiti aketi. Hoja yake ilikuwa moja: walinzi, wauguzi na wasusi wanafanya kazi Jumapili. Saa nane hawawezi kufika, wakifika na dakika tano wanakuta mlango umefungwa, kwa hiyo Umoja unaamuliwa na wale wasio na kazi na wale waliojiajiri. Alitaka kura zipigwe kwa simu. Agnès alijibu kwamba kura ya simu ni kura ya mtu aliyelala, na kwamba yeye hawezi kuongozwa na mtu aliyechaguliwa na watu waliovaa nguo za kulalia. Ukumbi ulicheka. Thierry naye alicheka, akachukua fomu ya kugombea.

Safari hii mambo yalikuwa sare. Agnès alifundisha hesabu miaka kumi na tano, hakuhitaji kuambiwa. Alimjua kila mwanachama na upepo wake, na kila alipopiga mahesabu akiwa anachambua sombe jikoni, ilitoka thelathini na moja kwa thelathini na moja. Kura moja ndiyo ilikuwa haijakaa mahali, na hiyo aliitengeneza mwenyewe.

Ilikuwa ya Shekinah, binti ya Chloé, aliyezaliwa Johannesburg na kutimiza miaka ishirini. Alikuwa anasomea uuguzi na kukaa kwa bibi yake Rosettenville, kwa sababu saluni ya mama yake ilikuwa mbali na chuo, huko Kensington. Alielewa Kiswahili chote, hata kile cha kusengenya, lakini akiulizwa alijibu kwa Kiingereza. Katiba ya bibi yake ilitaka mwanachama mpya asimame na kujieleza kwa Kiswahili, ataje jina, ukoo na kwao. Agnès alimfundisha wiki tatu mezani. Shekinah alirudia huku anapaka rangi kucha, akilalamika kwamba eish, majina ya ukoo ni marefu kama njia ya kwenda Durban. Siku ya kujieleza hakukosea neno. Agnès alijivuna hadi akanunua kuku.

Jumamosi kabla ya uchaguzi, mchana, kipaza sauti cha uwanja wa farasi kikisikika kwa mbali, Shekinah aliingia jikoni akasimama karibu na jokofu. Hakuwa na simu mkononi, na hilo peke yake lilimshtua bibi yake. Akasema kwa Kiswahili, polepole, na ilionekana alikuwa amejizoesha peke yake chumbani:

"Koko, kesho nitasimama kwa Papa Thierry, hapana kwako. Mama yangu hajapiga kura miaka sita juu ya kazi. Mimi pia nitakuwa hivyo. Nilitaka usikie kwangu, usisikie kwa watu."

Agnès alimtazama. Alikuwa na majibu mengi, mtu aliyekaa barazani hakosi majibu. Moyo ulimlipuka kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitambua mara moja, kwa kuwa katika umri wake wote hakikuwahi kumtokea. Mtu wa nyumbani kwake alikuwa amemwambia.

Akamuuliza kama amekula. Shekinah akasema bado. Akampakulia.

Jumapili Shekinah alikuwa na zamu ya mafunzo hospitalini mpaka saa saba. Saa nane kasoro tano ukumbi ulikuwa umejaa na yeye hajafika. Agnès alitembea mpaka mlangoni, akasimama na saa yake ya mkononi, akangoja mshale. Ulipofika, akafunga, akarudisha ufunguo shingoni. Alihesabu vichwa kutoka pale mlangoni mpaka kwenye meza, na hesabu ilikuwa ileile: thelathini na moja kwa thelathini na moja, na zikilingana aliyepo anabaki.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Méthode, fundi cherehani wa Kirundi, mwenye futi ya kupimia shingoni hata siku ya Mungu. Aliwaomba wagombea wasogee mbele. Thierry alimpisha Agnès achague upande, Agnès akachagua kulia, na wote wawili wakageukia ukuta. Ukuta ulikuwa na kalenda ya mwaka juzi. Méthode alianza kusoma kifungu cha tisa.

Ndipo mlango ukagongwa.

Agnès aliujua ugongaji ule. Shekinah aligonga namna hiyo bafuni kila asubuhi, mara tatu za harakaharaka na moja ya kusubiri. Méthode alinyamaza, akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika nne.

Katika hali ya kawaida hakuna ambaye angesema kitu. Mlango ungegongwa, mgongaji angechoka, mkutano ungeendelea. Agnès alikaza macho kwenye kalenda. Hakuwa na kazi ya kufanya. Sheria ilikuwa inamfanyia kazi yote, sheria aliyoiandika kwa mkono wake, na kiti kingebaki chake miaka mitatu mingine, na katika umri wa miaka sabini na sita hiyo maana yake ni mpaka mwisho. Bila kiti kile angekuwa mwanamke mzee anayeuza sambaza Rosettenville. Hilo ndilo aliloliogopa, na halikuwa jambo dogo.

Mlango ukagongwa tena. Halafu akasikia kitu kikitua kwenye ngazi, begi au mtu.

Agnès aligeuka kutoka ukutani. Ukumbi ulishtuka kwa hilo tu. Akavua ufunguo shingoni, ukanasa kwenye rozari, akahangaika nao, akaanza kutembea kwenda mlangoni.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Élysée, kinyozi, mtu wa Thierry damu damu. Alisema kwa heshima zote kwamba saa imepita. Mwingine akadakia kwamba huyo aliyeko nje ni mjukuu wa mwenyekiti, kila mtu anajua. Kelele zikapanda. Watu waliofungiwa nje miaka kumi na tisa, kila mmoja na siku yake, kila mmoja na dakika zake, walikumbuka wote kwa mara moja. Mama mmoja alisema yeye alifungiwa na mtoto mgongoni. Wakasema leo ndiyo tumemwona Mama Conseillère, kumbe akihitaji kura sheria ina mlango wa nyuma. Hata watu wake wenyewe waliinamisha vichwa. Thierry peke yake, mtu wa katiba, aliendelea kutazama ukuta.

Agnès angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Angesema mjukuu wangu anakuja kumpigia Thierry, na Élysée angekimbia kumfungulia mwenyewe. Hakuisema. Alikuwa ameambiwa jikoni, na ya jikoni hayasomwi mkutanoni.

"Mama, mlango ni saa nane," alisema Élysée, sasa amesimama karibu na kitasa. "Ni sheria yako mwenyewe."

"Naijua," alisema Agnès. "Méthode, andika kwenye kumbukumbu: mwenyekiti amevunja kifungu cha kumi na moja, saa nane na dakika sita, kwa makusudi. Andika na jina langu lote."

Méthode aliandika. Agnès alifungua.

Shekinah alikuwa ameketi kwenye ngazi na sare yake ya mafunzo, mgongo umeelekea mlango. Aligeuka, akaanza kueleza kwamba robot, taa zote za barabara kuu, zilikuwa zimezima na taksi ilikwama. Bibi yake alimwambia aingie, baridi inaingia. Kisha akafunga tena, akarudi mbele katikati ya minong'ono, akaupa mkutano kisogo.

Méthode alisema: jipangeni.

Ukiwa umetazama ukuta, uchaguzi ni viatu. Agnès alisikia visigino vya akina mama, makobazi ya mafundi, buti za walinzi. Viliburuzwa kulia na kushoto, vikasimama. Minong'ono ya hasira iliendelea nyuma yake, kisha akasikia raba za hospitali zenye soli laini zikipita katikati ya ukumbi bila haraka. Zilifika mahali pa kuchagua. Zikaenda kushoto.

Minong'ono ilikatika, mtu mmojammoja, kadiri walivyoelewa. Mwishowe ukumbi ulikuwa kimya hata ikasikika futi ya Méthode ikigonga meza alipoinama kuhesabu. Élysée alikohoa.

"Mama Agnès Nabintu, thelathini na moja," Méthode alisoma. "Bwana Thierry, thelathini na mbili."

Agnès aligeuka. Hakuangalia urefu wa mstari wake. Alitafuta mstari wa pili, uso kwa uso, jinsi alivyofanya katika uwanja wa parokia miaka mingi iliyopita, na safari hii alijua atakachokikuta. Shekinah alikuwa wa mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa anamtazama bibi yake.

Thierry alikuja na mikono yote miwili mbele kupokea ufunguo, na alikuwa na hotuba fupi ya shukrani. Agnès alimkabidhi kabla hajaianza. Alimwambia kitasa ni cha zamani, kinataka kuvutwa kidogo kwanza. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la tatu, kati ya wanachama wa kawaida, na kikao kilipofika kwenye hoja ya kura za simu alinyoosha mkono wa kwanza, akapinga kwa dakika tisa.

Waliondoka saa kumi na moja. Walitembea kwa miguu, maana Agnès hakuwahi kuona sababu ya kupanda taksi kwa mwendo ule. Walipita ukuta mrefu wa kiwanja cha farasi, wakavuka kwenye robot ambazo bado zilikuwa zimezima, Shekinah amemshika kiwiko. Wakafika karibu na kituo cha mafuta. Hapo Agnès akaanza kusimulia, bila kuulizwa, habari za uwanja wa parokia, muuza dawa, na shati lililopigwa pasi. Hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata Chloé. Alisimulia kwa mpangilio, na tarehe.

Shekinah alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, sasa kama babu angemwambia siku moja kabla, Koko angemfanya nini?

Agnès alisimama kidogo, apumzishe goti. Mkono wake ulipanda shingoni kutafuta kamba ya kiatu, ukakuta rozari peke yake.

"Ningekasirika," alisema. Akatembea hatua tatu nne. "Lakini ile siku ya baridi alipogonga, ningemfungulia."